Boila Iliyotamani Ukwaju

Fundi aliyekuja kutengeneza shawa yangu mwezi uliopita aliigonga kwa nyundo mara tatu, akaipindua juu ya beseni, na vipande vyeupe vikamwagika kama kokoto. "Mama, maji yenu hapa Kisumu iko na chokaa mingi," akaniambia. "Hii ndiyo imeua shawa." Niliokota kipande kimoja, nikakinusa, kisha nikakitia mdomoni. Fundi aliacha kazi akanitazama. Nadhani hadi leo anawasimulia wenzake habari za yule mama anayekula mawe ya shawa.

Sikuwa na wazimu wala njaa. Nilitaka tu kuhakikisha ladha, na ilikuwa ile ile: chaki, kutu kidogo, na kwa mbali moshi. Najua shawa ya umeme haina moshi. Moshi huo nilikuwa nao mwenyewe, tangu utotoni kijijini Kosele, tangu kibanda cha mabati nyuma ya wodi ya kujifungulia ya zahanati ya kanisa, mahali mama yangu alipokuwa akitunza boila ya kuni.

Mnivumilie nijivune kidogo. Wenzangu wa rika langu mna mama waliojua kupika, mama waliojua kuuza samaki, mama walioimba kanisani mpaka madirisha yakatetemeka. Wangu alikuwa na ufunguo wa boila. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, na alipoinama kunifunga vifungo vya sare ya shule, ufunguo ule ulinigonga puani. Katika eneo lote lile hakukuwa na mwanamke mwingine aliyefanya kazi hiyo. Niliwahi kumpiga msichana wa darasa la pili aliyedai kwamba mama yake anayo pia.

Boila yenyewe ilitengenezwa Awendo na fundi wa jua kali, ikaletwa Kosele juu ya lori la miwa. Ilisimama juu ya msingi wa matofali, ndefu kumshinda mama, na nene kiasi kwamba mikono yangu haikuweza kuizunguka. Chini palikuwa na mdomo wa moto wenye mlango mdogo wa chuma. Bomba la moshi lilipanda katikati ya tumbo lake, maji yakiwa yamelizunguka, likatokea juu ya paa. Nyuma yake, juu ya jukwaa la mawe, palikuwa na pipa la maji baridi tulilolijaza kwa ndoo kutoka kisimani. Mtu akifungua maji moto kule bafuni, maji ya pipa yalishuka kuchukua nafasi yake. Juu kabisa kulikuwa na bomba jembamba la kupumulia, lililopinda shingo, ambalo moto ukikolea asubuhi lilitema maji kidogo ukutani.

Na ubavuni, usawa wa kifua changu, palikuwa na kifuniko cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko sahani, kilichofungwa kwa nati sita. Nati zile zilikuwa zimepakwa rangi pamoja na boila, mara nyingi, mpaka zikawa kama vivimbe vya ngozi. Mwanamume aliyeitunza kabla ya mama alimwachia ufunguo wa kibanda na onyo moja tu: "Hicho kifuniko usiguse. Ikifunguka, hii kitu itapasuka." Mama hakukigusa.

Vingine vyote alivigusa. Kila alfajiri alizoa majivu. Yale laini aliyaweka kando ya kusugulia sufuria, mengine yakaenda chooni. Kuni alizigonga moja kwa nyingine kabla ya kuzipokea, na mwenye kuuza alijua kwamba zisipolia vizuri atazirudisha kwake kwa punda. Kila Jumatatu ilikuwa siku ya masizi. Mama alifunga fungu la katani katikati ya kamba ndefu, akatia jiwe mwishoni, akapanda ngazi na kulitumbukiza jiwe katika bomba la moshi. Mimi nilikaa chini mbele ya mdomo wa moto. Jiwe likitua nililishika nikavuta, naye juu akavuta, mimi tena, naye tena, mpaka katani ikapita bila kukwama. Tulitoka pale weusi, meno tu yakionekana. Kisha alisugua mlango wa moto kwa majivu, na ule msingi wa matofali akausiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe kama anavyosiriba nyumba yake, akauchora mawimbi kwa vidole. Wageni walipoletwa kuonyeshwa zahanati, Sista Robi aliwapitisha pale makusudi.

Sista Robi ndiye aliyekuwa muuguzi na mkunga wetu. Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, karibu na mpaka, na Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu na lile neno la kumwambia mwanamke asukume. Kwa hiyo zahanatini mambo yote yalikwenda kwa Kiswahili, kila mtu kwa alivyojaliwa.

Kwetu, mwanamke aliyejifungua na maji moto ni kitu kimoja. Anakandwa, anaogeshwa, anapewa uji mwembamba uliotiwa ukwaju ukachachuka, na hapo ndipo watu husema amefika nyumbani salama. Zahanati isiyo na maji moto hata ingekuwa na dawa zote za ulimwengu, mama wakwe wasingewapeleka wake za watoto wao huko. Hilo kila mtu alilijua, na ndiyo maana boila ilipoanza kunguruma, mambo yaliharibika haraka.

Ilianza kidogo, kama tumbo la mtu aliyelala bila kula. Baada ya wiki chache ikawa inanguruma kwa muda mrefu, halafu inagonga kwa ndani: ko, ko, ko. Mama aliongeza kuni, akapunguza kuni, akasafisha bomba la moshi mara mbili kwa wiki. Haikunyamaza. Siku moja, mwanamke mmoja aliyekuwa amejifungua usiku wa kuamkia siku ile, tuliyemwita Nyar Kagan, yaani binti wa Kagan, kwa vile alikuwa ameolewa kutoka huko, alikuwa bafuni boila ilipogonga. Alitoka mbio na leso mkononi.

"Kuna jachien ndani!" alipiga kelele. Jachien ni pepo mbaya, wa mtu aliyekufa na kinyongo. "Mimi siwezi kuoga maji ya jachien!"

Jioni ile habari zilikuwa zimefika soko lote. Ilisemekana kwamba fundi wa Awendo amekufa na hakumaliziwa malipo yake, sasa anagonga atoke. Kesho yake wanawake waliojifungua waliogeshwa kwa maji ambayo ndugu zao walichemsha nje juu ya mafiga. Wiki iliyofuata wawili walijifungulia nyumbani, na mmoja wao alitokwa na damu nyingi nusura afe. Sista Robi aliingia kibandani, akamshika mama bega.

"Mama Adoyo, zima kwanza," alisema. "Usiwashe mpaka kamati ikae Alhamisi. Nimejaribu kuwaambia wangoje, lakini Mwenyekiti ameshaamua."

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa mzee mwenye baiskeli nyeusi na sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. Alikuja mwenyewe Jumamosi ile kutupa habari. "Mimi nilisema toka mwanzo," akamwambia mama. "Moto na chuma ni kazi ya mwanaume. Mwanamke anapika ugali, hapiki chuma. Alhamisi tunaangalia. Kama bado ina maneno, inauzwa chuma chakavu, na wewe unarudi nyumbani."

"Mimi naosha yeye kila siku," mama alisema. "Angalia. Wapi chafu?"

"Si uchafu. Ni mkono," Mwenyekiti akajibu. "Mkono wako na wake haipatani."

Baba alikuwa mvuvi kule Sori, na kilichofika nyumbani kutoka Sori mara nyingi kilikuwa salamu na mfuko wa omena. Kazi ile ya mama ndiyo iliyotulisha. Lakini sidhani kama mama alilia kwa ajili ya chakula. Alikaa juu ya kigogo, akauvua ufunguo shingoni, akauangalia. Sikuwahi kumwona shingo tupu. Nilimwona kama mtu aliyenyolewa kwa nguvu, na nikaapa kimoyomoyo kwamba boila ile itapona.

Maana mimi nilijua inaumwa nini. Nilijua kuliko Sista Robi na kamati nzima.

Niseme ukweli wangu jinsi ulivyokuwa. Nilikuwa na miaka minane, na siku zangu zote za likizo nilizimaliza nyuma ya wodi ya kujifungulia. Niliwasikia akina mama wakisimulia dalili zao kwenye benchi, na niliokota elimu yote hiyo bila kulipa karo. Mwanamke mjamzito hutapika asubuhi. Boila nayo ilitapika asubuhi, ukutani, mbele ya macho yangu. Mjamzito tumbo humcheza na mtoto hupiga teke. Ko, ko, ko. Na zaidi ya yote, mjamzito hula odowa, yale mawe meupe laini yanayouzwa sokoni kwa mafungu, ambayo wanawake huyatafuna kama njugu. Sasa mniambie, yale magamba meupe niliyoyaona kila mara chini ya koki ya boila yalikuwa nini kama si odowa? Niliwahi kulionja moja. Ilikuwa odowa kabisa, tena iliyokauka.

Basi, jachien gani? Boila ilikuwa na mimba. Ilikuwa inakaa wodi ya kujifungulia miaka yote, ingekosaje? Shida yake ilikuwa kwamba imepita siku zake na hakuna anayeishughulikia. Na dawa ya mjamzito asiyejisikia vizuri niliijua pia, kwa sababu mama mwenyewe ndiye aliyeigawa kwenye benchi lile: ukwaju.

Nyumbani tulikuwa na nusu gunia la ukwaju. Mama aliukusanya na kuukausha ili auze siku ya soko. Jumapili baada ya kanisa, mama akiwa ameenda kuomba ushauri kwa dada yake, niliuchukua wote. Nasema wote. Mgonjwa mkubwa hupewa dozi kubwa. Niliubeba kwa ndoo, safari nne, nikauloweka katika pipa la kufulia nyuma ya kibanda, nikaukanda kwa mikono miwili kama nilivyomwona mama akiukanda wa uji, kisha nikauchuja kwa leso yake kuukuu. Ufunguo ulikuwa umetundikwa msumarini mlangoni petu, mahali mama alipouacha tangu Jumamosi.

Kazi ilinichukua jioni mbili. Nilifungua koki ya chini nikamwaga maji yote ya zamani, nikaifunga, halafu nikapanda lile jukwaa na ndoo ndogo, moja baada ya nyingine, nikitia ukwaju ndani ya pipa la maji baridi na kuusikia ukishuka tumboni. Mikono iliniwasha mpaka viwiko. Nilipomaliza Jumatatu nililiwekea tumbo lake sikio. Halikugonga, kwa kuwa hapakuwa na moto, lakini nilisikia mchirizo mdogo sana kwa ndani, sss, kama mtu anayenong'ona amelala. Nikampapasa, nikamwambia avumilie.

Hakuna aliyeingia kibandani mpaka Alhamisi.

Siku hiyo kamati ilikuja, watu watatu, Mwenyekiti mbele. Sista Robi alikuwa amefunga aproni yake safi. Nyar Kagan na wanawake wengine walisimama mbali, wamejishika mikono. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na ufunguo ulikuwa shingoni tena. Mimi nilisimama nyuma ya kuni, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kabisa. Nilikuwa nangoja kushangiliwa.

"Kabla hujawasha moto," Mwenyekiti alisema, "fungua kwanza tuone maji."

Mama akafungua. Koki ikakohoa, kisha ikamwaga maji ya rangi ya chai ya mkandaa, yaliyojaa magamba meupe, yakaruka juu ya viatu vya Mwenyekiti. Yalinuka uchachu. Yalimwagika hivyo kwa muda, yakapungua, yakawa matone, yakaisha.

"Yawa!" Nyar Kagan alisema kutoka mbali. "Si niliwaambia? Hiyo ni damu yake!"

"Imeoza," Mwenyekiti akasema, akiinua mguu mmoja. "Imeoza ndani. Mama, leta hiyo ufunguo."

Mkono wa mama ulipanda shingoni. Kisha ukasimama. Aliinama, akachovya kidole katika maji yale, akakilamba. Niliuona uso wake ukibadilika, na papo hapo moyo wangu uliokuwa mwepesi ukawa jiwe, kwa sababu hakuna mwanamke wa Kosele asiyeujua ukwaju wake mwenyewe.

"Adoyo," aliita. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

Nilitoka nyuma ya kuni.

"Ukwaju yangu iko wapi?"

"Nilimpa," nikasema, nikaonyesha boila.

"Ulimpa kwa nini?"

"Kwa sababu ana mimba."

Mmoja wa wanakamati alikohoa. Mwenyekiti alinitazama kama anayetafuta fimbo. Nami, kwa kuwa nilishafika mbali mno, niliendelea, huku nikilia, kutoa dalili zote: kutapika, teke, odowa. Nilizitaja kwa Kiswahili changu chote, na Sista Robi alikuwa ameziba mdomo kwa aproni, mabega yakimtetemeka. Nilidhani analia pamoja nami.

Mama hakucheka. Alikuwa ameokota gamba moja kubwa la odowa yangu na kulibonyeza kwa kidole gumba. Likavunjika. Akaokota lingine.

"Sista," alisema polepole. "Sufuria yangu ya chai iko na hii kitu nyeupe, nakwaruza mpaka nachoka. Sufuria ya uji ya ukwaju haina. Mimi naona hiyo kila siku. Naona na sifikirii." Akageuka akaitazama boila, kile kifuniko chenye nati sita. "Adoyo, lete spana."

"Weee!" Mwenyekiti alirudi nyuma hatua tatu. "Hicho hakifunguliwi! Itapasuka!"

"Moto hakuna, maji imeisha," mama akajibu. "Itapasuka na nini, Mwenyekiti?"

Mpaka leo sijasikia swali zuri kuliko hilo. Mama alikwangua rangi kwa kisu, akatia mafuta ya taa, akaegemeza uzito wake wote juu ya spana. Nati ya kwanza ililia kama mbuzi. Ya sita ilipotoka, mwanga uliingia katika tumbo lile kwa mara ya kwanza tangu Awendo, na sote tukachungulia, hata Nyar Kagan.

Ndani palikuwa peupe. Ukoko mnene wa chokaa, kama ule wa ugali uliosahauliwa motoni, ulikuwa umelifunika bomba la moshi na kuta zote, mwaka juu ya mwaka. Chini ya ukoko huo ndipo maji yalikuwa yakinaswa na kuchemka na kugonga. Sasa ulikuwa umelainika na kuachana na chuma. Mama aliingiza mkono, akatoa vipande kwa viganja, akavitupa karaini. Lakini nyuma ya bomba mkono wake haukupinda, ulikuwa mnene. Alijaribu wa kulia, akajaribu wa kushoto, akautoa umechubuka.

"Kubwa iko nyuma," alisema. "Ikibaki hiyo, bado itanguruma."

Kisha akaniangalia mimi, mkono wangu mwembamba bado unanuka ukwaju, akanipandisha juu ya kigogo.

Niliingiza mkono mpaka begani, shavu limebanwa kwenye chuma baridi. Nililigusa lile gamba kubwa. Lilikuwa limekaa nyuma ya bomba, pana, limejikunja kama kipande cha kibuyu, linacheza kidogo. Nikavuta. Likakwama.

"Usivute," sauti ilisema karibu na sikio langu. Alikuwa Sista Robi, amepiga magoti kando yangu katika majivu na aproni yake safi, na sauti yake ilikuwa ile aliyoitumia ndani ya wodi. "Hapana kuvuta. Tafuta ukingo wake. Umepata? Sasa mzungushe polepole. Mtoto havutwi, mtoto anazungushwa."

"Amegeuka," nikasema.

"Vizuri. Pumua. Sasa mlete kwa upande, upande mwembamba kwanza."

Nililizungusha, likapita kando ya bomba, likaja mpaka mlangoni, na mikono ya mama ilikuwa pale kulipokea. Lilitoka zima, halikuvunjika hata pembe. Kwa nje lilikuwa jeupe, kwa ndani lilikuwa na alama ya bomba la moshi lililolilalia miaka yote. Mama alilifuta kwa leso bila kujua anachofanya, jinsi mtu anavyofuta kitu kilichozaliwa.

Sista Robi akalichukua, akaenda nalo wodini, nasi sote tukamfuata, kamati na wote. Alilaza jiwe juu ya sinia la mizani ya watoto, akasubiri mshale utulie. "Kilo mbili na nusu," akatangaza. "Mdogo kidogo, lakini amefika." Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, wanawake wakaanza kupiga vigelegele, nami nikacheka pia ingawa sikuelewa wanacheka nini. Sista alikuwa ametoa kalamu, amejitia uso wa kazi. "Jina la mkunga?"

Mama alinyoosha mgongo. Gauni la kanisani lilikuwa limeharibika, kutu hapa, chokaa pale. Alimwangalia Mwenyekiti, si Sista.

"Adoyo," alisema. "Ni wangu."

Kazi haikuishia hapo, maana boila haiponi kwa vigelegele. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka ukamegeka, na bila mpira maji yangevuja. Tukasimama tukitazamana. Mwenyekiti alitoka nje bila kusema kitu, akafungua mkoba wa baiskeli yake, akarudi na tyubu ya akiba yenye viraka viwili. "Kata hapa ambapo hakuna kiraka," akamwambia mama. Mama alikata kanda mbili kwa wembe, akazizungusha ukingoni mwa kifuniko, akakaza nati sita. Tulisuuza tumbo mara tatu mpaka maji yakatoka safi, tukajaza, mama akawasha moto.

Tulingoja. Bomba la kupumulia lilitema maji yake kidogo ukutani, kama kawaida. Maji yalichemka. Mwenyekiti alisogeza sikio, akalitoa, akalisogeza tena. Hapakuwa na ngurumo wala teke. Nyar Kagan ndiye aliyekata shauri. Alichukua leso yake, akaingia bafuni, akajifungia, na baada ya muda tukasikia maji yakimwagika na yeye akiimba.

"Basi," Mwenyekiti alisema, akipanda baiskeli yake. "Huyo mwanaume wa kununua chuma tulikuwa tunataka kuita, asiitwe."

Nilichapwa kwa ajili ya ukwaju, msifikiri niliponea. Viboko viwili, vyepesi, na cha tatu mama alikiacha hewani akageuka akacheka akiwa ameegemea mlango. Tangu siku ile kila baada ya miezi mitatu tuliiloweka boila kwa ukwaju siku mbili, tukafungua kifuniko, nami nikaingiza mkono, mpaka mwaka ambao mkono wangu ulinenepa ukakataa kupita. Sifa za mama zilisafiri. Shule moja ya bweni upande wa Migori ilimwita mama aende na ukwaju wake. Akaitwa hata Awendo, mji wa mafundi, na mafundi wakasimama kando wakamtazama mwanamke wa Kosele akikaza nati. Nilikuwepo, nimeshika spana. Siku hiyo sikuhitaji kumpiga mtu yeyote ili aniamini.

Lile jiwe mama alilibeba nyumbani limefungwa kwa leso, na tangu hapo limekaa kwenye rafu, karibu na redio. Wageni wakiuliza ni kitu gani, husema, "Huyo ni mjukuu wangu wa kwanza," halafu huwaacha wahangaike. Amezeeka sasa, macho yanamsumbua, na boila ile iliondolewa zamani. Jumamosi iliyopita nilimpelekea kipande kimoja cha yale mawe ya shawa, nikakiweka kiganjani mwake bila kumwambia kitu.

Alikinusa. Alikigonga kwa ukucha. Kisha akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba, taratibu, kuuzunguka wote, akatikisa kichwa na kunirudishia.

"Huyu ametolewa kwa nyundo," alisema. "Ona alivyovunjika. Wako alitoka mzima."